Chapa Chini ya Taa za Lori

“Zima hiyo mashini! Nimesema zima!”

“Adeer, ngoja kidogo, picha haijaisha kuingia...”

“Bicha gani? Mimi nakuambia zima, wewe unaniletea maneno ya bicha!”

Adeer Korane alikuwa ameshika bakora yake katikati, vile mtu anashika akitaka kuchapa, si kutembelea. Kwetu Wasomali adeer ni ndugu ya baba, na huyu wangu ndiye amenilea tangu baba afariki, kwa hivyo sijawahi kumpandishia sauti hata siku moja. Siku hiyo nilimpandishia. Godauni yote ilisikia, na godauni yetu ya ngozi ni ya mabati, ukipiga chafya ndani mtu wa barabarani anakuombea dua.

“Mzee Korane,” Mwiti akaingilia pole pole, “ukizima ghafla hivyo kompyuta inaweza kufa kabisa.”

“Ife! Wewe fundi, mimi siteti na wewe. Wewe mgeni. Hii ni maneno ya nyumba. Enda kunywa chai.”

Mwiti ni Mmeru, mtu mnene wa kucheka ovyo, aliletwa na kampuni moja ya ngozi ya huko bara pamoja na hiyo mashine. Akanitazama. “Shuaib, kwani umefanya nini?”

“Sijui,” nikasema.

Nilijua. Hata mashavu yangu yalijua, yalikuwa yanachoma. Hapo nje ya mlango, juu ya magunia ya chumvi, alikuwa ameketi mzee Rage, mgeni wetu kutoka Bute, ambaye alikuwa amekuja juzi yake na kopo la nyirinyiri, nyama kavu ya kwetu, amelibeba mapajani njia yote kupitia Wajir ili nyama isimwagike mafuta. Hakuwa anapiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Mimi nilimaliza fom foo mwisho wa tisini na tano, nikapata C ambayo haikunipeleka mahali. Baada ya hapo nilikuwa tu. Asubuhi niko stendi naangalia mabasi ya Nairobi yakijaza watu, jioni niko kwa daraja naangalia maji ya Tana yakienda mahali mimi siendi. Adeer alikuwa ananiita kalenda ya mwaka jana: iko ukutani, haina kazi. Watu wanacheka, na mimi nacheka, lakini ukirudi kulala unaisikia tena.

Halafu mashine ikaja. Kampuni ilikuwa imechoka kupokea ngozi kutoka kwetu, inafungua lori inakuta hii imetobolewa na kisu, ile imeliwa na kupe, nyingine imechorwa na miiba kama daftari la nasari. Wakasema afadhali ngozi zichaguliwe hapa hapa Garissa kabla ya kupakiwa. Kama mashine itafanya kazi kwa Korane, itabaki kwa Korane, na wafanyabiashara wote wa ngozi hadi Elwak watapitia kwake. Kama haitafanya, itapelekwa kwa mwingine.

Sasa hiyo kamera si kamera ile unajua. Haioni picha. Inaona mstari mmoja tu, mwembamba kama uzi. Ngozi inapitishwa chini yake juu ya mkanda unaozungushwa na mota, kamera inashika uzi, uzi, uzi, na kompyuta inaupanga mmoja juu ya mwingine mpaka ngozi nzima inatokea kwa kioo cha kompyuta. Kama vile akina mama wetu wanafuma herio, ile mikeka ya kufunika nyumba: unaona nyuzi, unaona nyuzi, halafu ghafla ni mkeka.

Mwiti alipofungua sanduku la lenzi, ikamwagika kama sukari. Barabara ya Mwingi ilikuwa imeimaliza. Akaketi chini kwa chumvi, suruali nzuri na yote.

“Kijana,” akaniambia, “kamera bila lenzi ni kopo.”

Mimi sikuwa na kazi nyingine isipokuwa kukaa mlangoni, nikatazama ile shingo ya kamera mahali lenzi inaingia, nikasema, “Hiyo inafanana na ya Ardo.” Ardo ni mama mwenye studio karibu na posta, ndiye anapiga watu picha za kipande, za kitambulisho. Tukaenda. Mwiti akajaribu, lenzi ikazunguka ikalia *ka!*, akanikumbatia mbele ya picha zote za harusi.

Ardo alikuwa na lenzi tatu. “Chukueni,” akasema, “lakini Shuaib, ukivunja moja nitakupiga picha ya mwisho, na hutaona kama imetoka vizuri.”

Hapo ndipo nilianza kupenda hiyo kazi. Ile lenzi fupi, ya milimita ishirini na nane, inaona ngozi yote kutoka karibu, lakini pembeni inapinda na kufifia, tundu la kisu likiwa pembeni halionekani. Ile ndefu kabisa inaona safi ajabu, lakini ili ione upana wa ngozi ya ngamia ingebidi tutoboe mabati tuifunge kwa mti wa jirani. Tukabaki na ya hamsini, ya katikati. Nayo pia ilitaka kukaa juu, tukaifunga kwa mbao ya dari, na saa sita mabati yakipata moto kamera ikapata moto, picha ikajaa chenga chenga. Basi tukawa tunafanya kazi asubuhi.

Shida kubwa ikawa mwanga. Mwiti alikuwa ametoka Nairobi na taa zake ndefu za mrija. Tukaziwasha kwa jenereta, ngozi ikatoka kwa kioo na mistari myeupe na myeusi.

“Hii ni ngozi ya ngamia ama ya punda milia?” nikauliza.

“Ni jenereta,” akasema Mwiti. “Hiyo taa inazima na kuwaka, jicho lako ni zembe halioni. Lakini kamera inachukua uzi mmoja taa ikiwa imewaka, uzi mwingine taa ikiwa imefifia.”

“Basi tutumie ya betri. Betri haifanyi hivyo.”

Tukang’oa taa za mbele za lori ya Adeer, tukaongeza zingine kutoka kwa lori zilizokufa pale gereji, tukazipanga kwa mbao. Mistari ikaisha. Adeer akaja, akaona lori yake haina macho.

“Nyinyi mmefanya gari yangu kibofu!”

“Mzee, gari ni kipofu ili mashine ione,” Mwiti akamjibu, na Adeer akacheka mpaka akashika mbavu. Nilifurahi sana siku hiyo. Nilikuwa sijamchekesha Adeer tangu matokeo yatoke.

Lakini bado. Taa zilikuwa juu, zinaangalia chini, na ngozi zetu zikishanyolewa manyoya kwa chokaa na kupigwa chumvi zinakuwa nyeupe, zinang’aa. Kwa kioo zikatoka kama shuka. Tundu unaliona, lakini makovu, kupe, miiba, hakuna. Mwiti akafungua lenzi, akafunga, akafungua. Akifungua sana mwanga unaingia lakini kingo za ngozi zilizojikunja zinakuwa ukungu. Akifunga, kingo ziko safi lakini giza. “Tunataka taa zingine,” akasema, na Adeer akasema lori zimeisha Garissa.

Ni mimi nilipata dawa. Hii sisemi kwa kujisifu, ama labda wakati ule ilikuwa kujisifu, sasa siyo. Mimi likizo zote nilichunga ngamia, na mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba ngamia akipotea humtafuti saa sita. Jua likiwa kichwani mchanga wote ni sawa. Unangoja jua lishuke, lilale, halafu kila unyayo unapata kivuli chake, unaona hata mahali alisimama akageuka. Nikamwambia Mwiti tuzishushe taa, zilale kabisa, ziangalie ngozi kutoka kando, nusu upande wa mlango na nusu upande wa ukuta.

Tukawasha, tukapitisha ngozi moja ya mbuzi, na wallahi ikatoka kama nchi unaiona kutoka kwa ndege. Kila kupe alikuwa na kishimo chake. Mwiti alipiga meza. “Manze Shuaib! Wewe unarudi na mimi Nairobi! Nitasema wakuandike!”

Hiyo ilikuwa jana yake. Usiku sikulala vizuri kwa furaha.

Na usiku huo huo, tukiwa kwa sinia moja, mzee Rage alimwombea Adeer dua. Yeye humwombea kila akija. Wakati wa ukame ule wa tisini na mbili mke wake alishikwa na ugonjwa, ikabidi ampeleke hospitali Wajir, na ngamia wake akawaacha kwa wachungaji wa Adeer. Aliacha kama amana. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, kwetu amana haina hivyo vitu, mtu anakuachia na anageuza mgongo. Baadaye Adeer akamtumia habari kwamba wamekufa wote, ukame umewamaliza. Rage akasema ni kazi ya Mungu. Na kila mwaka anakuja kumsalimia Adeer na kumshukuru kwamba alijaribu. Usiku huo akainua mikono, “Mungu akulipe, Korane, kwa taabu uliyopata na wanyama wangu,” na Adeer akasema amin. Na mimi pia nikasema amin, mdomo umejaa nyirinyiri yake.

Asubuhi yake Adeer alienda soko la mifugo. Mzee Rage akaja godauni kwa sababu nilimwita. Nilikuwa nimemwambia njia yote, mzee utaona, mzee hujawahi ona kitu kama hii. Alizunguka kompyuta, akachungulia nyuma yake.

“Kuna mtu ndani?”

“Hakuna, mzee. Keti hapa. Angalia hapo.”

Nikavuta ngozi ya ngamia kutoka kwa rundo lililokuwa nyuma, lile Adeer alisema litabaki mwisho. Sikufikiria. Nilitaka ngozi kubwa, iwe picha kubwa. Mwiti akazungusha mota, uzi juu ya uzi, shingo, bega, tumbo, halafu paja, na kwa paja ikaanza kutokea sumad, ile chapa ya moto ambayo kila ukoo unawapiga ngamia wake. Yetu ni duara lenye fimbo chini yake.

“Hiyo ni yetu,” nikamwambia. “Ya nyumba ya Korane.”

“Naiona,” akasema.

Na mimi, kwa vile mdomo wangu hauna breki, nikasimama na kuweka kidole kwa kioo kama mwalimu wa jiografia. “Lakini angalia vizuri, mzee! Unaona huu upande wa duara? Umelala, ni mpana, hili ni kovu la zamani, mnyama alichomwa akiwa mdogo akakua nalo. Na huu upande mwingine? Umesimama, mwembamba, unatupa kivuli. Huu ni moto wa juzi juzi. Mashine inajua hata umri wa kovu!”

“Ehe,” akasema mzee Rage.

“Kwa hivyo huyu alichomwa mara mbili. Kwanza nusu duara na fimbo. Halafu mtu akaja akafunga duara.”

“Nusu duara na fimbo,” akasema.

“Ehe! Kama mwezi mchanga umekaa juu ya kijiti.”

“Nionyeshe nyingine, mwanangu.”

Nikamwonyesha. Nilivuta nyingine kutoka rundo lile lile, na kwa paja ikatoka ile ile: nusu duara limelala, nusu limesimama. Nikaeleza tena, sauti juu kidogo kuliko mara ya kwanza. Nikavuta ya tatu. Ilipofika katikati ya paja nikasikia maneno yangu yanapungua, kama jenereta dizeli ikiisha. Kwa sababu nilikumbuka mahali nimeona mwezi mchanga juu ya kijiti. Uko kwa bakora ya mzee Rage, amechonga pale juu kwa mshikio, na bakora ilikuwa imelala kwa magoti yake wakati wote huo mimi nikimfundisha.

Hakunitazama. Naamini hakutaka nione aibu. Akasema tu, “Mashine yako ni nzuri, Shuaib. Mungu akuongezee akili,” akaamka akatoka akaketi kwa magunia, na Adeer alikuwa ndiyo anaingia, akapishana naye mlangoni, akamsalimia, hakujibiwa. Adeer akatazama kioo. Hapo ndipo bakora ikashikwa katikati.

Basi Mwiti akaenda chai. Kabla hajatoka aliona uso wangu, akaniacha bila mzaha, na Mwiti kukuacha bila mzaha si kitu kidogo. Mlango ukafungwa na tukabaki sisi wawili, tukaingia Kisomali, kwa hivyo sauti zilishuka lakini maneno yakawa makali.

“Umemwambia nini?”

“Nimemwambia vile inaonekana.”

“Sema yote.”

“Kwamba kuna chapa mbili. Ya zamani na mpya. Adeer, sikujua. Wallahi sikujua ni zake.”

“Waa ceeb!” akasema. “Aibu! Mtoto niliyemlea ananivua nguo mbele ya mgeni wangu, kwa godauni yangu, na taa za gari yangu!”

“Ni kweli?”

“Unaniuliza mimi?”

“Nakuuliza. Ni kweli, Adeer?”

Alizunguka rundo. Akaweka mkono juu ya ngozi, akauondoa. “Wewe ulikuwa mdogo. Hukuona ule ukame. Wangu walikufa kila asubuhi, unaamka unahesabu mizoga. Wake walikuwa wachanga, wana nguvu, wakabaki. Wachungaji walikuwa wangu. Kisima nililinda mimi. Ningerudisha ngamia wanene wa mtu, watoto wa marehemu ndugu yangu wakinitazama na vikombe vitupu?”

“Ungemwambia. Rage angekuachia ngamia wa maziwa. Kwetu kila mtu anamwachia mwenzake.”

“Angeniachia, halafu? Korane mzima anakunywa maziwa ya kuombwa?”

“Kwa hivyo ikawa afadhali...”

“Usiseme hilo neno!” Akapiga sakafu na bakora. “Kabla hujalisema, niambie, ulikuwa unakunywa nini asubuhi ukienda shule? Ulifikiri ni maziwa ya nani? Wewe ulikuwa unapiga kikombe kwa meza uongezewe!”

Ni kweli nilikuwa napiga kikombe kwa meza. Nilikuwa na kikombe changu cha bati, cha bluu, na nilikuwa naongezewa mimi kwanza kwa sababu mimi ndiye wa masomo. Unajua aibu ya kuona mtu mwingine uchi, unaangalia kando inaisha. Lakini hii ilikuwa tumboni, nimeikulia, mifupa yangu imejengwa nayo. Sikujua niangalie wapi.

Adeer akaona nimelegea. Akaja karibu, sauti ikawa ile ya zamani, ya kunifundisha Kurani.

“Sikiliza. Juzi fundi alisema nini juu ya betri?”

“Alisema ya upande wa ukuta imezeeka.”

“Kwa hivyo taa za ukuta ni dhaifu kuliko za mlango. Si ndiyo? Upande mmoja unapata mwanga mkali, upande mwingine hafifu. Basi kovu moja linaweza kuonekana kama mawili. Upande mmoja umesimama, mwingine umelala. Ni taa.”

Nilitazama taa. Kweli za ukuta zilikuwa nyekundu nyekundu. Na nikuambie ukweli, nilifurahi. Nilitaka iwe taa. Nilitaka niwe nimekosea mimi, mjinga wa C, nitoke nje nicheke, niseme mzee Rage nisamehe, nimepanga taa vibaya. Aibu ya kuwa mjinga nimeizoea, hiyo naweza kubeba hadi Nairobi na kurudi.

“Inawezekana,” nikasema.

“Inawezekana! Basi toka umwambie.”

“Ngoja nihakikishe kwanza.”

“Uhakikishe nini?”

“Nikigeuza ngozi, kichwa kije mahali pa mkia, basi upande uliokuwa unaangalia mlango utaangalia ukuta. Kama ni taa, kusimama na kulala kutabadilishana.”

“Na kama hakubadilishani?”

Tukaibeba ngozi pamoja, yeye miguu ya mbele mimi ya nyuma, kama watu wanaobeba maiti, tukaigeuza, tukailaza tena kwa mkanda. Nikazungusha mota. Paja lilitoka mapema safari hii. Fimbo ikiwa juu, duara chini yake, kila kitu kichwa chini miguu juu. Na ule upande mwembamba ulikuwa bado umesimama, umetupa kivuli chake upande wa pili, na mwezi mchanga ulikuwa bado umelala, mpana, wa zamani, mahali Rage aliuweka.

Adeer aliinama karibu na kioo. Halafu akasema kitu sikutarajia.

“Hajui hii ya kugeuza.”

“Nani?”

“Rage. Hajui ukigeuza ni nini kinatokea. Wewe ndiye umepanga taa. Ukimwambia ni taa, ni taa.”

“Adeer...”

“Na Nairobi enda. Mwiti aliniomba jana, nilikuwa nimekataa, sasa nakuachilia. Enda ufanye hiyo kazi yako ya lenzi. Mashine hii itabaki hapa, jina letu litabaki, na wewe utaenda. Maneno machache tu mlangoni.”

Ningependa kusema nilikataa papo hapo. Sikukataa. Niliona basi. Niliona mpaka kiti, cha dirishani, na Mwiti kando yangu anakula ndizi na kucheka. Nilisimama pale na mkono kwa waya wa betri, na nilipanga hata maneno: mzee, unajua hii mashine ni mpya, bado hatujaizoea.

“Atakuamini,” akasema Adeer. “Anakupenda. Wewe ni mtoto wa shule.”

Na hilo ndilo lilinivunja. Kwa sababu ni kweli, angeniamini. Najua hata vile angefanya. Angeamka kutoka kwa magunia, apanguse chumvi kwa kikoi, aingie ndani amshike Adeer mkono, na amwombe msamaha kwa kumfikiria vibaya. Halafu jioni, kwa sinia, angemwombea tena dua. Na sisi tungesema amin.

“Siwezi,” nikasema.

“Huwezi ama hutaki?”

“Siwezi, Adeer. Mdomo hautanikubalia.”

“Leo hii ndiyo mdomo wako umepata breki?”

Kama ingekuwa siku nyingine tungecheka. Alijaribu hata, midomo ilianza, ikashindwa. Akaketi juu ya rundo la ngozi, zile zile. Akavua kofia yake akaiweka kwa goti. Sijawahi kumwona Adeer bila kofia mchana. Kichwa kilikuwa kidogo, nywele nyeupe chache zimelowa jasho, na pale katikati kuna alama ya kofia imezunguka. Nilihisi ni kama mimi ndiye nimemvua.

“Utamwambia nini?” akauliza. Hakuwa anatisha tena. Alikuwa anauliza kweli.

“Kwamba si taa. Kwamba ni wake. Na kwamba mimi pia nilikunywa.”

“Na mimi nikae hapa?”

“Sijui, Adeer. Ukitaka utoke mwenyewe, nitakungoja.”

Alitazama mlango. Huko nje mzee Rage alikohoa, kikohozi cha mtu amekaa sana karibu na chumvi, na Adeer akainamisha kichwa kana kwamba amepigwa. Nilingoja. Nilingoja mpaka nikaona hataamka, na kuendelea kumngoja kungekuwa kumtazama tu, na kumtazama ilikuwa ubaya mwingine.

Nikazima taa, za ukuta kwanza halafu za mlango. Nikaenda. Nilipofungua, jua liliingia lote kwa pamoja likafika mpaka alipokuwa ameketi, kichwa wazi, mikono imeshika kofia, na kutoka pale kwa magunia mtu akigeuza shingo tu angemwona. Mzee Rage alikuwa anaanza kugeuza shingo.

Nikatoka haraka, nikaufunga mlango nyuma yangu.